Nyama Niliyokula kwa Niaba ya Kampuni

Minza, mayu, mwanangu,

Umekwenda Dutwa kumuaga bibi yako, na kwa jinsi bibi yako anavyosimulia hutarudi mpaka jua lipungue. Nimepata nafasi. Nimekaa nyuma ya nyumba, daftari juu ya goti, na nimemwambia mama yako mtu yeyote asinisogelee, hata mwenye ng'ombe wa kuuza.

Mambo ya kushika mkoba vizuri ndani ya basi, ya kanisa, ya kutokula vya njiani na ya wanaume wa Mwanza, hayo mama yako atakueleza kesho alfajiri, na wewe utaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku unatazama saa. Mimi sina habari na mkoba. Mimi nina hasira. Ninayo tangu jana mchana, na kama ningefungua mdomo pale kwenye karamu yako ningetukana, na wageni walikuwa wameshaanza kula.

Yule mwalimu mstaafu, jirani yetu, alikuuliza kwa sauti yake ile ya ubaoni: "Sasa Minza, hiyo kazi ya mwanasheria wa kiwanda ni kazi gani? Kiwanda nacho kina kesi?"

Ukacheka. Ukasema, "Mwalimu, kazi yangu ni kuilinda kampuni. Kiwanda cha mafuta kina mambo mengi. Leseni, mikataba, wakaguzi, ajali."

Halafu ukaeleza kazi utakayoanza nayo. Kuna mama mmoja, mfanyakazi, bomba la mafuta ya moto lilipasuka likamuunguza, na sasa amerudi kwa kaka zake Mwanhuzi anauguzwa. Kampuni inataka ikubaliane naye kabla hajafika kwa afisa kazi. Ukasema maneno haya, nimeyashika kama yalivyotoka: "Wamenichagua mimi kwa kuwa najua Kisukuma. Nitakwenda na karatasi, nitakaa naye kifamilia, ataweka dole gumba, yataisha."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasema, "Huyu sasa ndiye msomi wetu." Mimi nikainuka nikaenda zizini. Mama yako anawaambia watu nilikwenda kulia kwa furaha. Sikulia. Nilikuwa natukana ng'ombe.

Karatasi hiyo naijua, Minza. Niliitunga mimi, wewe ukiwa bado unakwenda shule peku.

Hadithi zangu unazijua. Mtaa wote huu unajua kwamba nilivuka mto Simiyu ukiwa umefurika, ndama mabegani, na fisi wawili wananingoja ng'ambo. Fisi alikuwa mmoja, na mto ulikuwa umeshapungua. Leo nakwambia. Kaka yangu alipofariki akakuacha huna meno, nilikubeba nikasema huyu ni wangu, na tangu siku hiyo sijakusimulia jambo ambalo mimi ndani yake sikushinda. Hili sikushinda. Nitajaribu kuliandika bila chumvi, na nikiongeza chumvi nitaitoa humohumo.

Wakati ule ndiyo kwanza serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua pamba. Kabla ya hapo ulikuwa ushirika tu, upende usipende. Ghafla kila njia panda ina mnunuzi na mizani yake. Huyu tajiri wetu, jina lake siliandiki maana halistahili wino wangu, akajenga jineri yake mwenyewe nje ya mji, kiwanda cha kuchambua pamba, kwa mashine zilizokuwa zimechoka tangu huko zilikotoka. Mimi nilikuwa nimepata kuwa karani wa baraza la kata, darasa la saba langu mfukoni, mwandiko wangu unaujua. Siku moja wakulima wakaizingira mizani ya tajiri pale getini, wanasema inaiba, fimbo ziko juu. Nikapanda juu ya tela la trekta, nikatoa kitabu mfukoni, nikawasomea sheria ya mizani kifungu kwa kifungu kwa sauti ya hakimu. Wakatulia kama wamemwagiwa maji. Fimbo zikashuka moja moja.

Kitabu kile kilikuwa cha kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Hapo sikuongeza kitu.

Tajiri akanivuta pembeni. "Wewe sheria umesomea wapi?"

"Mimi? Mimi sheria nimezaliwa nayo, bosi."

"Basi kuanzia kesho wewe ni mwanasheria wangu."

Nikapewa meza, mhuri, koti jeusi na kibao cha mlangoni kimeandikwa AFISA SHERIA. Nikipita sokoni watu wananipisha. Nilikuwa nasema niliwahi kuwashinda mawakili watatu kutoka Mwanza kwa siku moja. Alikuja wakili mmoja, alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Ila usidhani nilikaa bure. Nilisoma. Nilikuwa naazima vitabu kwa karani wa mahakama, nanakili vifungu kwa mkono usiku hadi vidole vinakakamaa. Nikajua kuna sheria ya mizani, kuna ya mikataba, kuna ya mashine, kuna ya watu. Na nikajua jambo moja ambalo sijui kama huko chuoni wamekufundisha. Afisa kazi anakuja mtu akishaumia. Hakimu anakuja baadaye, tena baadaye sana, wengine wameshakufa. Ni yule aliyekaa kwenye kiti kile cha ndani, anayelipwa na kampuni, anayeisikia mashine kutoka mezani kwake, ndiye pekee anayeweza kusema leo, kabla damu haijatoka. Nililijua hilo, Minza. Usije ukafikiri sikulijua. Mjinga angesamehewa.

Akaja mkaguzi wa viwanda. Mzee mwembamba, viatu vimeliwa kisigino. Nilikuwa nimemwandalia mbuzi.

"Nimeshakunywa chai," akasema, akaingia ndani na kalamu yake.

Akazunguka. Akafika kwenye ule mkanda mrefu unaozungusha mashine za kuchambulia, akasimama.

"Kava lake liko wapi?"

"Lipo stoo, mzee."

"Likiwa stoo linamkinga nani?"

Nikachekacheka. Yeye hakucheka. Akaandika amri kwamba mikanda yote ifunikwe kabla msimu haujaanza, na kampuni ipeleke barua yenye sahihi kuthibitisha kazi imefanyika. Nikampelekea tajiri ile amri. Alikuwa anatazama mawingu.

"Nkwabi, kava likifungwa, kila pamba ikiziba lazima wazime mashine wafungue, watoe, wafunge tena. Bila kava mtu anapitisha mkono tu, kazi inaendelea. Pamba yangu iko nje. Mvua ile pale."

"Lakini mkaguzi, bosi, ameandika..."

Akageuka akanitazama. "Wewe ni mwanasheria wangu au wa serikali?"

"Wako, bosi."

Maneno mawili. Nimewahi kupigwa fimbo ya kichwa mnadani, nimewahi kuumwa na nyoka, lakini hakuna kilichonidhuru maishani kama maneno yale mawili niliyoyatoa mwenyewe kinywani mwangu huku nimevaa koti. Nikarudi mezani. Nikaandika, kwa mwandiko ule ule unaosifiwa, kwamba makava yote yamefungwa na mashine ziko salama. Nikatia sahihi. Nikagonga mhuri kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka. Nikajiona mwanaume.

Sasa kulikuwa na mtu wa Shishiyu, kule Maswa, anaitwa Maduhu, kibarua wa msimu. Ana mke, ana watoto, ana maksai wawili wa kulimia. Robota la pamba ambalo wengine wanalisukuma wanne, yeye na mwenzake mmoja wanalipindua wanaimba. Siku ile nilikuwa ofisini nakunywa chai. Ukikaa jineri unaizoea sauti ya mashine mpaka huisikii tena; unaisikia ikibadilika tu. Ikabadilika. Nilipofika ndani mkanda ulikuwa umeshika shati, na shati lilikuwa limeshika mkono. Wamezima, lakini mkanda ule haukutii mara moja. Hapa siongezi na sitaki kuendelea. Hospitali wakamkata mkono wa kulia juu ya kiwiko.

Sheria niliijua. Mwajiri anapeleka taarifa ya ajali kwa afisa kazi, daktari anapima, mtu analipwa fidia yake. Fomu ilikuwa ndani ya droo yangu. Niliitoa nikaanza kuijaza, jina, kijiji, umri. Nikafika mahali wanapouliza habari ya kinga ya mashine. Kalamu ikasimama. Nikiandika kava halipo, barua yangu ya mhuri ni uongo na jela ni yangu. Nikiandika lipo, mkaguzi atakuja kulitazama. Nikaifunga droo.

Tajiri akasema, "Nkwabi, wewe una ujanja. Ufanye."

Nikaufanya. Na usiku ule nilicheka peke yangu kwa jinsi nilivyojiona na akili.

Wewe umekulia bweni, labda hujawahi kuona kwa macho. Kwetu mtu akimwumiza mwenzake bila kukusudia, kwa jembe au kwa mshale wa kuwindia, anakwenda kwa miguu yake mwenyewe kwenye kaya ile, anaswaga ng'ombe, mbele ya banamhala, wazee wa mahali pale. Anasema, nimekosa. Ng'ombe anachinjwa. Aliyeumia anachukua pande la kwanza kwa mkono wake, anampa mkosaji, mkosaji analila watu wakiona. Kisha wote wanakula. Yameisha. Atakayeyafukua anatengwa, hata kaa la moto jirani hampi.

Na ni jambo zuri, nisikilize vizuri, siikashifu mila. Linafaa kwa sababu mkosaji yupo pale anatoka jasho. Kesho ni jirani yako. Msimu ukija atakulimia, mkeo akiugua atambeba. Mimi nililichukua jambo hilo, nikamwondoa mkosaji ndani yake, nikabaki na nyama.

Nikachukua nzagamba, dume la tajiri, jeusi, nundu inayumba. Nikaenda nalo Shishiyu nimevaa koti. Wazee wakakaa, Maduhu akaletwa akakaa kwenye kigoda, bendeji bado nyeupe. Nikazungumza. Minza, nilizungumza siku ile! Hata mbwa walikaa chini wakasikiliza. Hapana, mbwa walikuwa wamelala. Lakini wazee walitikisa vichwa. Mmoja, jicho lake moja bovu, akaniacha nimalize, akasema:

"Umesema vizuri, mwanangu. Mkosaji yuko wapi?"

"Mkosaji ni kampuni, baba."

"Iiteni ije ikae hapa."

"Kampuni haiji, baba. Ni jina tu. Iko kwenye karatasi."

"Ina mdomo?"

"Haina."

"Sasa pande hili atalila nani? Karatasi?"

Wakaangua kicheko. Hata mimi nikacheka. Nikasema, "Nitakula mimi kwa niaba yake."

Yule mzee akanitazama na jicho lake zima. "Haya. Lakini tumbo lako halijui niaba. Litajua nyama."

Maduhu akachukua pande akanipa. Akanipa kwa mkono wa kushoto. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenipa chakula kwa mkono wa kushoto nikapokea. Hata wewe ukiwa mdogo nilikuchapa kwa hilo. Siku ile nilipokea kwa mikono miwili, nikala, nikasema wabeja, asante. Kisha nikatoa karatasi mfukoni: tumemalizana kimila, sina dai lolote juu ya kampuni. Akaweka dole gumba lililobaki.

Tajiri alifurahi mpaka akanipa redio. Ile redio kubwa mliyoisikiliza wote hapa nyumbani miaka yote, mkajivunia kwa majirani. Sasa unajua ilikotoka.

Misimu miwili iliyofuata mmoja alipoteza vidole, mwingine mguu ukavunjika mara tatu. Tajiri hakuniuliza tena habari ya fomu. Alikuwa anasema tu, "Nkwabi, peleka ng'ombe." Akajenga zizi nyuma ya stoo, akaweka madume wanene, wanakula mashudu, wanangoja ajali. Ndani ya stoo ile ile makava ya bati yameegemezwa ukutani, buibui wameyavisha. Ukuta mmoja tu kati yao. Nilikuwa nayaona yote mawili kila asubuhi nikienda kufungua ofisi.

Na sasa Kabula. Huyu ni mke wa Maduhu. Alikuja kwa miguu kutoka Shishiyu, vumbi mpaka kwenye nyusi, mtoto mgongoni. Akapiga magoti mlangoni. "Mwangaluka, baba." Nikaitikia nimekaa. Akasema amesikia kwa mwalimu wa shule kwamba mtu akiumia kiwandani kuna fidia ya kisheria.

"Mayu, mama yangu," nikamwambia, "mambo haya yaliisha. Mlikula nyama."

Akainuka. Aliinuka polepole, kwa ajili ya mtoto.

"Mlikula wanaume. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto. Mkono uliotoka ni wa nyumba yangu. Ninayelima sasa ni mimi. Na huyo mliyemalizana naye anavalishwa shati na mwanawe. Nionyeshe mahali nilipokubali."

"Ukiyafukua haya, wazee watawatenga."

"Ahaa." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa njia. "Kumbe ng'ombe ulimpeleka ili nikisema nitengwe mimi. Nilidhani ulimpeleka kwa sababu ya mkono."

Nikamwita mlinzi amtoe. Naandika tena ili nisije nikaruka: nilimwita mlinzi amtoe nje mwanamke aliyetembea siku nzima na mtoto mgongoni, mwanamke aliyekuwa anasema kweli, na fomu aliyokuja kuiulizia ilikuwa ndani ya droo, umbali wa goti langu.

Mkaguzi mwembamba alirudi. Sijui nani alimwambia. Natumaini ni Kabula. Akasimama mbele ya mkanda ule ule, akatoa barua ile yenye mhuri, akaisoma kwa sauti. Tajiri akanyoosha mikono. "Mzee, mimi mfanyabiashara, mambo ya sheria siyajui. Ndiyo maana niliajiri mwanasheria. Huyo hapo, muulize." Nikatazama ile sahihi. Ni yangu peke yangu. Ya tajiri haikuwepo popote, kwenye karatasi yoyote, kwa misimu yote ile.

Ile kozi ya sheria Mwanza ninayoitaja kila Krismasi, kwamba walinipa nafasi ya kwanza, haikuwepo. Nilikuwa mahabusu hapahapa Bariadi. Mama yako ndiye aliyekuwa analeta uji, akawaambia ninyi watoto baba yuko masomoni. Halafu jineri ikauzwa, tajiri akaondoka, faili likalala. Hakuna aliyefungwa. Hakuna aliyelipwa. Mimi nikarudi kununua na kuuza ng'ombe na kuwa bingwa wa hadithi.

Sasa wewe.

Utasema, baba mdogo usinifananishe, mimi nina digrii. Ndiyo. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa zaidi! Mimi nilikuwa na kitabu cha kupe. Wewe umekaa chuoni miaka yote ile, tumeuza mitamba tukakusomesha, halafu unatoka na nini? Unatoka na ujanja wangu, umeuvalisha suti. Eti kifamilia! Huyo mama ni familia yako tangu lini? Unajua jina la mtoto wake wa kwanza? Jana hata jina lake mwenyewe hukulitaja, ulisema "yule mama".

Na eti wamekuchagua. Jiulize kidogo. Kiwanda kikubwa kama kile hakina mawakili wengine, wenye mvi na magari? Wapo. Mbona hawakwenda wao Mwanhuzi? Kwa sababu hawawezi kumsalimu vizuri akalegea. Hawakuitaka digrii yako, wameitaka salamu ya bibi yako. Bibi yule yule uliyekaa naye sasa hivi Dutwa anakupakulia michembe, viazi vyake vikavu.

Kuilinda kampuni, sawa, sikatai, ndiyo kazi. Ilinde. Lakini tajiri wangu nilimlinda namna gani? Nilimpa kila alichoomba. Kama ningemnyima barua ile moja angenichukia wiki nzima, pengine angenifukuza, kisha angefunga yale makava ya bati, na jineri ingekuwa yake mpaka leo na Maduhu angekuwa anapindua marobota. Mimi niliyemwitikia ndiye niliyemwangusha. Miaka mingi nimekuwa nalitafuta jibu la swali lake lile, kwamba mimi ni wake au wa serikali. Nikichunga nalitafuta, nikiwa mnadani nalitafuta, kuna mtu aliwahi kunipunja ndama kwa sababu nilikuwa nalitafuta. Nimelipata, nimechelewa nalo: "Mimi ni wako, bosi, ndiyo maana nakwambia uzime mashine." Sina wa kumwambia tena. Wewe utakuwa naye Jumatatu.

Kabla hujaenda kwa mtu yeyote na karatasi, nenda ukalione lile bomba. Usikubali kuambiwa limeshatengenezwa, liguse. Muulize anayelisafisha, siyo anayelisimamia. Halafu ingia ofisini utafute barua. Ajali ya kiwandani haizaliwi siku ile, mwanangu. Kuna barua mahali, kuna mtu aliandika bomba linavuja, na kuna mtu mwenye mwandiko mzuri alijibu kwamba limeshashughulikiwa. Ukiipata, usiifunge kwenye droo.

Utaniuliza kama nilimrudia Maduhu. Nilikwenda. Ilinichukua miaka, lakini nilikwenda, bila koti na bila ng'ombe. Nikawaambia wote wawili kwamba fidia ilikuwepo, muda wake umepita, na aliyeupitisha ni mimi. Maduhu akanikaribisha vizuri, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko fimbo. Kabula alisikiliza mpaka mwisho akaingia jikoni. Tangu hapo kila mvua za kwanza nalima shamba lao kwa maksai wangu. Mama yako anadhani nimekodiwa. Nalima vizuri, mistari yangu Shishiyu nzima hakuna mwenye kuifikia, hilo waulize wenyewe. Kabula hajawahi kuniletea maji shambani hata siku moja, na mimi sijaomba.

Limebaki neno moja na litakuudhi.

Jana ulitaja ukoo wa kaka za yule mama. Mimi nanunua ng'ombe mnada wa Mwanhuzi, hao nawajua. Mkubwa wao tuliwahi kugombania dume mmoja tukakaribia kushikana mashati. Leo asubuhi, wakati unaoga, nilimwandikia barua. Nimemwambia: atakuja binti mrefu, ana mwanya, atawasalimu Kisukuma kitamu na mtampenda. Ni mtoto wangu. Msimpe dole gumba la dada yenu. Kwanza ajali ifike kwa afisa kazi, kwanza daktari aandike, ndipo mzungumze na kampuni. Na siku ya kuzungumza dada yenu akae mwenyewe mbele, asisemewe na kaka wala mzee, na mtu asichinje kitu.

Nimemwambia pia: akija mikono mitupu na karatasi yake tu, mrudisheni na basi alilokuja nalo. Akija na fomu ya ajali imejazwa, mpeni kitanda na mumsikilize, maana huyo atakuwa amekuja kweli.

Barua imeondoka na lori la wachuuzi wa ng'ombe. Sasa hivi nadhani imeshapita Maswa. Najua nilichokifanya. Wakubwa zako wanaweza kupata habari wakakufukuza kabla hujakijua choo cha ofisi kiko wapi. Wakikufukuza, rudi, chumba chako sitaweka magunia. Ukinichukia, nichukie, nimezoea kuchukiwa na mwanamke mwenye haki, na bado nalima. Lakini ile njia niliyopita mimi nimekufungia, na nimeifunga kwa mwandiko wangu mzuri.

Kesho nitakubebea sanduku mpaka kwenye basi. Haya hatutayazungumza mbele ya mama yako. Barua hii nitaisukumiza ndani ya lile koti lako jipya la kazi, uisome gari likiwa kwenye mashimo, ukiwa macho. Amua kabla hujafika Lamadi. Kuanzia pale ni lami, na kwenye lami mtu husinzia.

Ni mimi baba yako mdogo,
Nkwabi